Ufizi wa Mama Renata

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Umeme umekatika tena, tanuru likiwa katikati ya kupanda joto. Kauri ya jino la Mama Renata imepasuka. Jenereta la hospitali ni la chumba cha upasuaji. Sisi wa maabara ya meno tunangoja, kama kawaida yetu.

Nimekwangua kauri yote, nimebaki na kofia ya chuma. Naanza upya. Nimemfokea mtu wa stoo bure tu.

Alhamisi, 8 Agosti
Mama Renata amekuja kutoka Mkula kulijaribu jino. Anauza vitumbua barabarani kule. Mwaka jana alianguka na baiskeli yenye gunia la mpunga, jino la mbele la juu likang'oka. Daktari bingwa aliyetutembelea akampachika skrubu kwenye taya. Kazi yangu ni jino la kukaa juu ya skrubu hiyo. Chuma ndani kwa ajili ya nguvu, kauri nje kwa ajili ya macho ya watu.

Limetoka jeupe mno. Jeupe kama sahani ya kantini. Amejitazama kwenye kioo, akafunika mdomo kwa kiganja.

Kosa ni langu. Siku ya kuchagua rangi alitoka mazoezi ya kwaya, na kanga ya sare, njano kali, kaifunga mpaka shingoni. Nikashika sampuli za rangi juu ya njano ile. Juu ya njano ile kila jino ni jeupe. Wanafunzi nawafundisha kila mwaka: mfunike mgonjwa kifuani kwa kitambaa cha kijivu kwanza. Mimi mwenyewe nikasahau. Pumbavu.

Na muda ni mfupi. Send-off ya Renata, sherehe ya kumuaga bintiye wa pekee kabla ya ndoa, ni tarehe 31. Wakwe wanatoka Masagati, mbali huko, ukishapita Mlimba. Mama anasema walishamwacha binti mmoja kwa sababu mama yake alikuwa anakohoa. Watu hao humwangalia mama kabla ya kumwangalia binti.

Jumatano, 14 Agosti
Rangi safari hii imekubali. Nimeweka ukahawia kidogo karibu na ufizi, ukungu kidogo kwenye ncha, hata ule ufa mwembamba wa jino la jirani nimeuiga. Nilijisifu peke yangu.

Tumelivika. Mstari mweusi kwenye ufizi, unene wa uzi. Chuma kinaonekana.

Haiwezekani. Nimerudi kwenye plasta ya mdomo wake, nakala niliyoimwaga mwezi wa sita. Pale chuma kinazama chini ya ufizi vizuri kabisa. Nimegombana na Dk. Lyimo, daktari wetu wa meno, nikamwambia alichukua kipimo ovyo. Alimwomba mama afungue mdomo, akaangalia kwa muda mrefu.

Alhamisi, 15 Agosti
Dk. Lyimo ameniita nione mwenyewe. Ulimi una utando mweupe, hata pembeni. Fizi nyekundu, zimepanda. Kipimo chake hakina kosa na kofia yangu haina kosa. Ni ufizi unaolikimbia jino.

Ukimwi. Naliandika neno hili hapa kwa sababu hakuna anayelitamka. Baba Renata alikufa mwaka juzi, tukaambiwa kifua.

Daktari amezungumza naye mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Sikujua pa kutazama, nikatoa shikamoo ya pili.

“Mwanangu, nilikuwa najua,” akasema. “Renata hajui, na usimwambie. Nitengenezee mdomo wa mtu mzima wa afya mpaka siku ile ipite.”

Nimekubali. Sikufikiri hata kidogo.

Jumatatu, 19 Agosti
Nimekata ukingo wa chuma upande wa mbele, ili pale ufizini iwe kauri tupu. Kazi ya roho mkononi. Ukikata zaidi, kauri haina pa kushika. Ukikata pungufu, mstari unarudi. Rangi ya kuzibia weusi wa chuma nimepaka mara mbili, nyembamba. Ukipaka nene jino linakuwa kama limekufa.

Lakini sasa jino ni refu. Ufizi umeondoka, pamebaki pengo, na jino refu kwa watu wale ni sawa na mstari mweusi. Lazima nimtengenezee na ufizi.

Ijumaa, 23 Agosti
Nina hasira tangu asubuhi. Unga wa ufizi ulioko kwenye boksi ni wa waridi. Waridi ya mdoli. Aliyeuchanganya huko Ulaya hajawahi kuona mdomo wa Mpogoro. Fizi zetu zina weusi wake, una mabaka, una kahawia, na kila mtu ana wa kwake.

Nimechanganya waridi na rangi ya kahawia ya madoa ya meno. Imetoka kama ini. Nimepunguza. Imetoka kama tope. Nimeshika kioo nikatazama fizi zangu mwenyewe, nikachanganya tena. Mara hii imekaribia. Baka jeusi nimeliweka kwa ncha ya brashi, upande mmoja tu, kama lilivyo kwa mama.

Nilikuwa naimba. Nimejishtukia nikiimba.

Jumanne, 27 Agosti
Limekaa. Nilimtoa nje barazani, kwenye jua, maana taa za ndani zinadanganya. Nimetafuta mahali kauri inapoanza na mwili unapoishia, sikupaona. Dk. Lyimo naye hakupaona.

Mama amecheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Nilimshika mkono kumshusha ngazi, nikashika mfupa.

Jumapili, 1 Septemba
Jana send-off, Mkula. Nilialikwa, nikaenda.

Mama alivaa magauni mawili ndani ya kitenge ili ajae. Alitabasamu mchana kutwa. Shangazi wa bwana harusi alikaa naye ubavu kwa ubavu, hakubandua macho mdomoni mwake. Nikaacha kula. Halafu shangazi akaangua kicheko, akawageukia wenzake: “Huyu mbona bado binti! Tukikosea tutamwoa yeye.” Vigelegele.

Renata alikuwa anamwangalia mama yake kama mtu aliyerudishiwa kitu. Alicheza mpaka viatu vikamshinda.

Nilijivunia. Naona aibu, lakini nilijivunia sana.

Jumatatu, 16 Septemba
Ndoa ilifungwa Jumamosi. Leo Renata amepita kuniaga kabla ya treni ya Mlimba, na kuku mkononi. Kasema alitaka kubaki na mama yake kwanza, amtazame, maana miezi ile alikuwa na wasiwasi naye. Mama kamfukuza. Kamwambia nenda kwako, mimi si unaniona?

“Na kweli dada, amependeza sasa. Eti?”

Nikasema amependeza. Nikapokea kuku.

Alhamisi, 3 Oktoba
Mama Renata yuko wodini. Hamezi. Jirani zake wamemleta kwenye pikapu ya mpunga.

Nilikwenda mchana. Kwanza alikataza Renata asiitwe. Baadaye akaanza kumwita mwenyewe, jina tu, tena na tena. Nimemtuma mtu wa treni na ujumbe mpaka Mlimba. Kutoka pale ni yeyote atakayekuwa anaelekea Masagati. Kwa baiskeli, kwa miguu, sijui. Nimejuta kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 9 Oktoba
Amefariki juzi. Jana tumemzika. Ndugu walimsubiri bintiye mpaka jua likawa kali, wakasema joto hili haliruhusu. Renata hakufika.

Sikutazama mwili. Wengine walipanga foleni, mimi nikabaki nje na akina mama wa kupika.

Jumatatu, 14 Oktoba
Renata amekuja maabara. Ujumbe ulimfikia siku tuliyozika.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kanga nyeusi, miguu ina vumbi mpaka magotini. Nilimpa pole.

“Dada Editha, wewe ndiye uliyekuwa unamfungua mdomo. Ulijua?”

“Nilijua.”

Nilitaka kusema kwamba mama yake aliniomba. Sikusema. Angekuwa na hasira na marehemu, na mimi nipo hapa mzima, bora ziwe kwangu.

Alitazama rafu ya plasta, midomo ya watu wote ile imepangwa wazi.

“Mimi nilikuwa nimeamua kubaki,” akasema. “Siku ile ya send-off nikamwangalia anacheka. Nikasema basi, amepona, naweza kwenda.”

Kaniomba maji. Nimempa. Akayanywa yote, akaweka kikombe mezani, akaondoka kuwahi treni.

Kisha nimekiosha kikombe, nikakirudisha mahali pake.