Msalaba Juu ya Mkate wa Nora

Jumamosi. Niko Nandagala kwa Mama. Upepo wa Juni unavuma tangu alfajiri.

Niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba haya niliyajua.

Kaka yangu Shaibu amemleta mkewe, Nora, kutoka Ireland. Walioana hukohuko, Mama akapata habari kwa simu. Tangu siku hiyo anamwita "yule", hajawahi kumtaja jina. Mimi nilitoka Nachingwea jana, nikaacha cherehani na nguo za watu, nije nikae katikati yao.

Leo Nora aliomba apike chakula cha kwao. Shaibu akatafuta mbuzi, jirani akachinja. Nilidhani nitaona maajabu. Nyama, viazi, vitunguu, karoti, maji, chumvi. Basi! Hata kitunguu hakukikaanga. Nazi hakuna, nyanya hakuna. Nilisimama na chupa ya mafuta mkononi kama mjinga, nikingoja aniombe.

Mkate ndio ulionifanya nimheshimu. Aliuchanganya kwa maziwa mgando na magadi, bila hamira, akauweka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, kama tunavyofanya sisi. Ila kabla ya kufunika alichukua kisu, akauchanja juu mikato miwili mirefu, ikapishana katikati.

Msalaba.

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliuona.

"Shaibu! Umeniletea mtu anipikie msalaba? Kwenye nyumba ninayoswalia?"

Sijawahi kumsikia Mama akipaza sauti namna ile. Shaibu akaanza kumbembeleza kwa Kimwera, Mama akamkata: "Nimemuuliza yeye."

Nora akafunika sufuria, akachuchumaa mbele yake, uso umemwiva. Kiswahili chake ni cha kufundishwa na mume. "Samahani, Mama. Si dini. Bibi yangu anakata hivi. Mkate unagawanyika sawa, mtu asipate kikubwa. Kwetu kulikuwa na njaa."

"Njaa? Huko Ulaya?"

Yaliyobaki alitafsiri Shaibu. Kwamba zamani, kabla ya bibi wa bibi yake, viazi vilioza ardhini, na maskini hawakuwa na chakula kingine. Watu walikula majani. Walikutwa wamekufa njiani, midomo ya kijani. Ndiyo maana kwao kiazi hakitupwi, na hadithi hiyo mtoto husimuliwa akiwa mezani.

Wazungu! Mimi nilidhani njaa ni mali yetu.

Lakini hilo halikuwa la kunishtua kweli.

Mama akaanza kusema, kwa Kimwera, akimtazama Nora tu, ambaye hakuelewa hata neno. Alisema alipokuwa mtoto mvua zilikataa, wakawa wanachimba ming'oko, ile mizizi ya kuliwa, porini hadi kucha zikawatoka. Ming'oko ikaisha. Mdogo wake, mtoto wa kike, akashindwa kungoja, akatafuna mzizi mwingine asioujua. Alikufa mgongoni mwa bibi yetu, njiani kurudi nyumbani.

Mtoto huyo aliitwa Somoe.

Somoe ni mimi.

Maisha yangu yote nimejua nimepewa jina la "ndugu wa Mama". Nilijitengenezea kichwani mama mtu mzima, mnene, mwenye kanga nzuri. Kumbe ni mtoto asiyefika hata umri wa kwenda shule.

Shaibu alikuwa analia waziwazi. Hakutafsiri, hakuweza. Nora hakuuliza, mkate ulipoiva alifunua sufuria, akaumega mkate pale ulipochanjwa, akampa Mama kipande cha kwanza. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Akala. Akala na viazi.

"Nora," akasema, "niongezee mchuzi. Na chumvi, mwanangu, chumvi haijakolea."

Sasa magharibi imeingia, wao wanaosha vyombo nje. Mimi nimejifungia humu.

Mara ngapi nimenunua ming'oko stendi, nikatafuna huku nacheka na wenzangu, na sijawahi kujiuliza kwa nini Mama haigusi? Kesho nataka kumwomba anionyeshe alipozikwa Somoe. Je, nitathubutu?