Maeneo ya Wazi Yamefungwa

Ijumaa, Julai. Mabatini, Mwanza.

Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi na kuleta vumbi la barabarani mpaka ndani ya kabati la vyombo. Nimefika nyumbani mapema leo, na bado kuna mwanga wa kutosha kuandika bila kuwasha taa. Nilidhani nina hasira, lakini hasira ni heshima, mtu humkasirikia anayemthamini. Nilichonacho ni dharau, na inatosha kujaza daftari hili lote.

Wiki hii msimu wa uwindaji umefunguliwa. Mimi ni mchapaji katika ofisi ya wanyamapori, mwaka wa kumi na nne sasa, kwa hiyo kila amri inayohusu kuwinda inapita kwenye vidole vyangu kabla haijawafikia watu. Jumatatu Bwana Mkubwa (ndivyo ninavyomwita mkuu wetu humu daftarini, jina lake halistahili wino wangu) aliniletea tangazo la kubandikwa ubaoni. Lilisema: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa maeneo ya wazi yamefungwa."

Nikarudi kumuuliza kama hakukosea. Kwa lugha ya ofisi, maeneo ya wazi ni yale mapori ya umma, yasiyo hifadhi wala shamba la mtu, ambamo mwananchi mwenye leseni anaruhusiwa kuwinda. Nikasema, mzee, yakifungwa si ya wazi tena. Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Mama, wewe piga chapa."

Nikapiga chapa. Tangazo lipo ubaoni, limegongwa mhuri, na wanaolisoma hata hawacheki.

Mwananchi akitaka kuwinda hata digidigi, anatakiwa kuleta barua ya kijiji, barua ya kata, kibali cha bunduki iliyo yake mwenyewe na si ya kuazima, risiti ya kodi ya maendeleo na picha mbili za rangi. Asitumie mtego, mbwa, tochi, sumu wala ndoano. Akishakamilisha vyote anaelekezwa ubaoni akasome. Mamba na kiboko hawamo kabisa kwenye orodha yake, hao ni wa mgeni.

Mgeni yeye anatakiwa kuwa na kampuni tu. Kampuni inapewa kitalu, na kitalu ni pori lile lile la umma, ila sasa limezungushiwa penseli nyekundu kwenye ramani. Tangu tuambiwe kwamba uchumi ni huria, hakuna kifaa kinachofanya kazi ofisini kwetu kuliko hiyo penseli. Landrova haina mafuta, simu haina mlio, penseli inachongwa kila siku.

Bwana Mkubwa mwenyewe hajawahi kulala porini hata siku moja. Pembe za nyati zilizo ukutani kwake alizikuta pamoja na ofisi, na wageni wakimuuliza alimpiga wapi huyo nyati, anacheka kwa unyenyekevu na kunyamaza. Nimemsikia akifanya hivyo si chini ya mara kumi.

Mwaka huu penseli ilipita ufukweni kwetu.

Nikisema kwetu nina maana kijijini nilikozaliwa, ambako mdogo wangu Masatu anaishi na mke wake kwenye nyumba waliyotuachia wazazi. Ni watu wa ziwani, wana mihogo na nyavu mbili. Mwezi wa pili binti yao Nyangeta, mwenye miaka kumi na mmoja, alishuka kwenye mawe kuosha vyombo. Wanawake wawili waliokuwa wakifua jirani yake waliona mamba akimchukua. Sufuria zilibaki zimepangwa juu ya jiwe. Mwili haukupatikana.

Masatu alikuja Mwanza kuomba ofisi yetu imuue yule mamba, au impe yeye ruhusa amuue. Alifikia kwangu. Na hapa naandika kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata kanisani.

Nilimwambia akifika ofisini asiniite dada.

Orodha ya wanaopunguzwa kazini ilikuwa inazungumzwa kila kona, na nilijua Bwana Mkubwa anatafuta sababu. Mchapaji anayeleta ndugu zake na shida zao ni sababu nzuri. Masatu hakuuliza kwa nini. Kesho yake aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, akasimama mbele ya meza yangu, akasema, "Shikamoo, mama," kama mgeni yeyote. Nikajibu, "Marahaba. Kaa pale usubiri." Alisubiri mpaka saa nane mchana, na mimi nilikunywa chai mbele yake.

Jibu lilitoka baada ya siku tatu. Nililichapa mimi: "Ofisi imejiridhisha kwamba ufukwe huo hauna mamba. Kifo cha mtoto kimetokana na kuzama. Wananchi mnashauriwa kuchota maji kwa uangalifu." Hakuna aliyekwenda kujiridhisha. Landrova, kama nilivyosema, haikuwa na mafuta.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla wino wa mhuri haujakauka, niliwekewa karatasi nyingine mezani. Ilikuwa kibali cha kampuni ya uwindaji kwa kitalu kipya, ufukwe ule ule, kijiji kile kile kimetajwa kwa jina. Mgao wa msimu: mamba, wawili.

Mashine moja, mchapaji mmoja, asubuhi moja. Kwa wanakijiji hakuna mamba, kwa kampuni wapo wawili. Nilielewa hesabu yake mara moja. Kama mmoja angeuawa kwa ajili ya mtoto wa Masatu, kampuni ingebaki na mmoja, na Bwana Mkubwa angelazimika kueleza. Nilitia kila karatasi kwenye jalada lake, nikafunga kabati, nikaenda kununua nyanya.

Barua ile ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Tangu siku hiyo wapo wanaomsema mke wa Masatu, kwamba alimwachia mtoto aende kuogelea bila mtu mzima na sasa anasingizia mnyama. Nyangeta alikuwa anajua kuogelea kuliko watoto wote wa pale. Masatu alinitumia salamu kwa mtu wa basi, na zilikuwa na neno moja tu: nimwombe mkubwa wangu aibadilishe barua, aandike mamba. Mengine ameyaacha. Sikumwomba.

Siku msimu ulipofunguliwa, yule mgeni wa kampuni akafika. Haya Masatu amenisimulia leo. Mgeni alikuja na hema lenye jokofu, na vijana wa kijiji ndio waliombebea kiti cha turubai mpaka juu ya mwamba, bila kinyongo, kwa sababu walijua anakuja kumuua yule mamba. Wanawake waliacha kuchota maji siku nzima ili asishtuke. Saa tisa mamba akatoka, akalala juu ya jiwe lake kama kawaida. Mgeni akamtazama kwa darubini muda mrefu, akasema kitu, akasimama na kukunja kiti.

Dereva wa kampuni ndiye aliyewatafsiria. "Anasema ni mfupi. Hajafika urefu wa kutundika."

Mfupi! Kwa mtoto wa ukoo wetu alitosha, kwa ukuta wa huyo bwana hakutosha. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma mara mbili, na bado sioni neno la kuongeza.

Walichofanya baadaye, kila mtu wa ziwani angekifanya. Walichukua ndoano kubwa ya sangara, mapafu ya mbuzi na kamba ya nailoni. Watu kumi na tano wakamvuta, wakammaliza kwa mikuki na mashoka. Walimpasua tumbo. Walikuta mawe, magamba ya samaki na kipande cha wavu. Mke wa Masatu alisimama pale mpaka walipomaliza kutafuta.

Jumanne Landrova ikapata mafuta. Ilifika kijijini ikiwa na askari wanne wa wanyamapori, na walipouliza nani ameua mamba wa kitalu, watu kumi na tano wakatazama chini. Masatu akasema ni yeye peke yake, wakamchukua.

Leo asubuhi Bwana Mkubwa akaniwekea mwandiko wake mezani. Barua kwa polisi. Mtuhumiwa, jangili mzoefu, amemuua mnyama wa Serikali ndani ya kitalu kwa kutumia zana haramu. Nikasoma jina la mdogo wangu na jina la baba yetu kwa mwandiko wa mtu yule. Jangili mzoefu! Utotoni alikuwa anawaachia kware waliokuwa wamenaswa, na baba alikuwa anamchapa kwa hilo.

Vidole vilikaa juu ya mashine na havikushuka.

Sijui kama ni ujasiri. Nadhani ni kuchoka tu, maana ujasiri ungekuja mwezi wa pili. Nilifungua kabati, nikatoa nakala mbili za asubuhi ile, ile ya hakuna mamba na ile ya mamba wawili, nikaziweka mezani kwake zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu.

"Masatu ni mdogo wangu, tumbo moja," nikasema. "Akishtakiwa, hizi zitasomwa mahakamani."

Alizisoma taratibu. Akavua miwani. Akainuka mwenyewe, akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kunifanyia katika miaka yote hii. Kisha akaniita dada.

"Dada yangu, mbona hukusema mapema? Haya ni mambo ya kuzungumza." Sauti yake ilikuwa nyororo kama ya mtu anayeuza mitumba. Nilimdharau kuliko nilivyomdharau akinifokea.

Hakutafuta ukweli hata dakika moja. Alitafuta maneno, na ni fundi wa hilo, lazima nikiri. Alizunguka chumba chini ya zile pembe zisizo zake, akanisomea barua mpya kwa mdomo, nami nikaandika. Uchunguzi umeonyesha kwamba mamba huyo si wa ufukwe ule. Ni mamba mpita njia, kutoka maji mengine, aliyekutwa tayari amekufa kwa maradhi. Mwananchi aliyekamatwa alikuwa akisaidia kuondoa mzoga kwa ajili ya usafi. Ofisi haina malalamiko dhidi yake.

Mamba mpita njia. Labda alikuwa anakwenda Bukoba.

Nilidhani amemaliza, nikainuka. Akanyoosha kidole. "Ongeza aya ya mwisho, ili majalada yaende sawa. Kama ilivyoelezwa katika barua yetu ya awali, mtoto husika alifariki kwa kuzama."

Nikasimama pale na penseli. Nilijua kabisa anachonunua na anachouza. Nikikataa, Masatu analala ndani tena, na Jumatatu ni mahakamani, na mahakamani huwezi kujua nani ataaminiwa. Nikikubali, anatoka leo.

Niliichapa bila kosa hata moja. Nakala tatu, karatasi ya kaboni mpya. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ziwa letu halina mamba, mimi nikaandika kwamba wapo wawili, na leo nimeandika kwamba aliyekuwepo alikuwa mgonjwa. Mpaka sasa kwa maandishi ya Serikali hakuna mtu aliyemgusa mnyama, na hakuna mnyama aliyemgusa mtu. Nimemcheka Bwana Mkubwa siku nzima moyoni, na mikono iliyofanya kazi yote hiyo ni hii.

Nilikwenda kituoni na barua. Askari wa zamu aliisoma huku anasogeza midomo, akasema, "Ah, kumbe alikuwa mgonjwa," akaenda kumtoa. Masatu alitoka bila viatu. Aliponiona mbele ya wale polisi alisita, akaangalia huku na huku, hakujua aniite nani.

"Niite dada," nikamwambia.

Sasa yuko hapa nyumbani. Ameoga, amekula ugali na sato, amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha akijipepea kwa kofia. Amenisimulia habari za mgeni na kiti chake, na tumecheka kidogo, kicheko cha aina ile isiyofika machoni. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Dada, safari hii selikali wameandika mamba?"

"Wameandika," nikasema.

Si uongo. Neno limo humo mara tatu.

Alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa Kijita, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Anasema kesho ataondoka na basi la kwanza, na anaomba nakala moja akamsomee mke wake, halafu aibandike penye mlango wa kanisa wote waone. Nakala yake iko kwenye mkoba wangu, hapa miguuni pangu, nimeikunja mara nne. Nimefikiria kuichana. Nimefikiria kumwambia nimeisahau ofisini. Nimefikiria pia kumpa na kuondoka chumbani, niende sokoni, nirudi akiwa ameshapanda basi.

Anajua kusoma, huyu mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa mkaa, kwenye mlango wa jiko la mama.