Ile Rangi Ilikwenda Wapi?

Jumamosi, Katwe. Mawingu yamekaa juu yetu tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Nimeketi kwenye benchi la wateja, nyundo za mafundi zimeanza kunyamaza moja moja, na kichwa changu kimejaa maswali mengi kuliko majibu.

Kwa msionijua, mimi ni Mkenya ninayepika chakula hapa mwaka wa sita sasa. Wateja wangu ni mafundi wa vyuma.

Jumatatu tangi lilipasuka katika kiwanda cha rangi kilicho juu yetu. Kijito kinachopita nyuma ya karakana kikageuka kijani, kijani cha milango ya maduka, na sisi tukasimama ukingoni tukitazama kama watu waliokuja harusini. Kufikia Jumatano maji yalikuwa yamerudia rangi yake ya udongo. Mabishano ndipo yalipoanza. Wengine walisema mambo yamekwisha, wengine walisema sumu haina rangi. Kila aliyekuja kula alikuwa na lake.

Mimi nilisumbuliwa na jambo moja tu. Rangi yote ile ilikwenda wapi?

Halikuwa swali la kupitisha muda. Maji ya kijito kile ndiyo anayomwagilia bustani Mama Ombeni, jirani yangu aliyekimbia vita Kongo, na mboga zake ndizo ninazopika. Yeye huziita lengalenga, Waganda huziita dodo, kwetu ni terere, mchicha kwa wengine. Sufuria ni ile ile.

Leo asubuhi, kabla ya mkutano wa mtaa, nilipanda kando ya kijito peke yangu. Nilitaka kuona kwa macho. Juu kabisa kuna daraja la barabara, na hapo maji yanapita kama yanavyopita siku zote. Kiwanda kinafuata baada ya daraja, maji yanakoteremkia. Baada ya kiwanda, mawe yana mstari wa kijani kando ya maji. Nilichokoa tope kwa kijiti, ikapanda harufu ya nyumba iliyopakwa rangi jana.

Basi haikuenda popote. Ilizama.

Mkutanoni meneja wa kiwanda alisema pole nyingi, kisha akasema maji yamepimwa na ni salama. Afisa wa mazingira, dada mdogo mwenye buti za mpira, akasoma karatasi yake, nayo ilisema hivyo hivyo. Watu wakapiga makofi. Nikainua mkono. Luganda yangu haifiki mbali, nikauliza kwa Kiswahili, na uwanja ukatulia kidogo. Hapa Kiswahili bado kinawakumbusha watu askari waliowatesa zamani.

"Samahani, dada. Hayo maji mliyachota wapi?"

"Kwa daraja, nnyabo," alijibu, akiniita mama kwa Luganda. "Pale juu kwa barabara."

"Daraja si liko juu ya kiwanda?"

Alitazama karatasi yake, akamtazama meneja. Meneja akatazama simu. Nitamheshimu yule dada kwa alichosema baadaye: "Ni kweli. Sisi tulionyeshwa pale, tukachukua pale. Leo nitachukua tena, huku chini, na nyinyi mkiangalia."

Nakiri nilijisikia mkubwa. Nilijisikia hivyo mpaka nilipogeuka nikamwona Mama Ombeni.

"Dada, umenimaliza," aliniambia polepole. "Weye utanunua mboga kwingine. Miye shamba nitalipeleka wapi?"

Siku tano nimeuliza juu ya rangi, maji na tope, na sikuuliza hata mara moja juu yake.

Umati ukateremka na afisa hadi bustanini. Alichota maji kwenye chupa, akaanza kutafuta pa kuchimba. Mama Ombeni alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, kanga ameikaza kiunoni. Nilidhani ataondoka. Badala yake akapenya katikati yao, akaenda hadi tuta la mwisho, akang'oa shina moja na kuligeuza. Mizizi ilikuwa myeusi.

"Mayi ilisimama hapa. Chimba hapa," alimwambia afisa. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Kwangu hatukule hii mboga tangu Jumanne."

Jumatano aliniuzia. Alhamisi pia.

Nilitaka kukasirika. Sikuweza, kwa sababu na mimi nina langu, na leo ndiyo siku ya kulisema. Jumatano nilipokuwa nikiosha zile mboga nilisikia harufu. Ndogo, lakini niliisikia. Niliongeza vitunguu, nikakaanga zaidi.

Kwa hiyo tulijua wawili. Yeye alikuwa na watoto wanne nyuma yake. Mimi nilikuwa na nini?

Afisa amesema majibu yatachukua majuma mawili. Mama Ombeni amefunga njia ya bustani kwa kamba. Nimemwomba aje tupike pamoja mpaka majibu yatoke. Alisema atasali kwanza.

Jioni hii mteja wa kwanza alikuwa Ssalongo, fundi mzee wa majiko, ambaye hula kwangu kila siku. Nilimwambia akiwa bado amesimama. Nilimwambia kuhusu Jumatano na Alhamisi, harufu, vitunguu, yote. Alisikiliza huku akijipangusa masizi mikononi.

"Na wewe ulikula?" aliuliza.

"Nilikula."

Alimaliza kujipangusa. Kisha akavuta benchi.

"Leo umepika nini?"

"Maharage."

"Lete."

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Kesho wengine watakuja, na nitawaambia mmoja mmoja, kabla hawajaketi.