Kwa Nini Sikumsemea Nathan

Iguguno,
Mkalama, Singida.
9 Juni 2024

Mpendwa dada Evodia,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Njombe? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Sisi tu wazima. Alizeti imekubali, na mke wangu Marietha sasa anakamua mafuta yake mwenyewe. Anaringa huyo, hata salamu anaitikia kwa mbali!

Dada, nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatia kabla sijamaliza. Uliniomba nimsemee mwanao Nathan apate ile nafasi ya kukusanya ushuru wa mazao pale getini. Sikumsemea. Nimempinga.

Alhamisi mtendaji wa kata alituita wafanyabiashara wa alizeti tupendekeze jina moja liende halmashauri. Wenzangu wote walimtaka Nathan. Urbano, yule mwenye malori, akasema huku anacheka, "Tumpe mpwa wako bwana, huyo mtu wa watu. Hata ukipita na lumbesa hakusumbui."

Hapo ndipo niliposimama. Msimu uliopita getini alikaa mtu wa namna hiyo hiyo. Tulijaza magunia kwa lumbesa mpaka yakaota vilemba, mkulima analipwa gunia moja tu. Wakulima wakachoka kupunjwa, wakapeleka alizeti yao Singida Mjini. Sisi tukabaki kufukuza nzi.

Nikamtaja Kristina, binti wa mzee Melkiori, aliyeshikilia geti yule bwana alipougua. Urbano anamjua vizuri, maana alimfungulisha lumbesa zake mbele ya watu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Urbano mwenyewe akanyoosha mkono, akaguna, "Haya, tumpeleke huyo mkorofi." Jina lake limekwenda.

Nathan ana moyo mzuri, lakini hajui kumwambia mtu hapana. Wangemtumia, na siku ya ukaguzi angekwenda ndani peke yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jioni ile ile aliambiwa kwamba wafanyabiashara wamemkataa. Tangu hapo haji kula kwangu, na simu yangu hapokei. Marietha anamwekea chakula, tunakikuta asubuhi. Naumia dada, ila sirudi nyuma.

Msalimie shemeji, na Lucy na watoto wake. Mungu awafunike na baridi hiyo, goti nalo alitie nguvu.

Nathan akikupigia, mwambie ukweli: wote walimtaka. Aliyemkataa ni mjomba wake.

Wako akupendaye, hata ukininunia,
Mdogo wako Emilian