Wifi Amesaini, Mimi Kalamu Inanigomea

Mshauri wangu mpendwa, nimekuja kwako kuomba msaada kwa shida ambayo jirani zangu wakiisikia wanacheka, kwa hiyo nisikilize wewe. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na mume wangu alifariki nikiwa na mimba ya binti yetu, basi haukupita muda dada yake, yaani wifi yangu, akanishtaki kwamba nyumba tuliyojenga iko kwenye kiwanja cha baba yao na yeye ana haki yake humo, mimi nikaapa hapati hata tofali, yeye akaomba zuio akapewa, kwamba mpaka kesi iishe mtu asiuze, asijenge wala asiguse hata bati, ndipo kesi ikaanza kutajwa na kuahirishwa, leo hakimu yuko semina, kesho jalada halionekani, keshokutwa hakimu kahamishwa tuanze upya, na yule binti aliyekuwa tumboni sasa anavaa viatu vyangu.

Mwanzoni mimi na wifi tulikaa kwenye benchi la korido kila mtu na ncha yake, lakini benchi ni moja na choo ni kimoja, siku moja akaniomba nimshikie mkoba, siku nyingine akasinzia akaniangukia begani nikamwacha, maana anatoka mji mwingine na basi la alfajiri, mwisho akawa analala kwangu kuamkia siku ya kesi, tunaingia mahakamani tumeongozana, karani akituuliza mdai nani na mdaiwa nani tunacheka mpaka tunatolewa nje. Tukapatana wenyewe, vyumba vya mbele vyangu, vya uani vyake, tukaandika, lakini hata hayo maelewano hayajapata hakimu wa kuyasajili, na zuio liko palepale, paa linavuja, mvua ikinyesha nashona nimetundika mwavuli juu ya cherehani.

Sasa mwanasheria mmoja wa msaada wa bure alituonea huruma, akapeleka malalamiko yetu kwenye mahakama ya haki za binadamu kwamba tumecheleweshwa kupita kiasi, Mungu ambariki, na serikali imejibu kwa upole tusioutegemea: inakiri kosa, inaomba radhi, italipa kila mmoja fidia, na inaahidi maelewano yasajiliwe na zuio liondolewe, mradi sote wawili tusaini kwamba tumeridhika na malalamiko yafutwe. Karatasi inasema kuchelewa huko kumenitesa, nami nikiikumbuka ile miaka namshukuru Mungu, maana kesi ingekwisha upesi ningebaki na nyumba nikamkosa wifi, sasa nikisaini si nitakuwa nakufuru? Tena kilichonichoma zaidi, siku wifi alipokuja kuisoma mvua ilikuwa inanyesha, akatazama dari, akautazama mwavuli wangu, akaomba kalamu akasaini, kisha akaniambia, "Wifi, saini na wewe tuyamalize." Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ananivumilia tu. Nimemwambia bado natafakari, na siku ya mwisho ni Ijumaa.

Fundi wa Mwavuli

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikatamani kukufinya.

Tuanze na hiyo kufuru. Mshukuru Mungu, mshukuru wifi yako, lishukuru hata lile benchi. Lakini jalada lililolala kabatini halikukupatanisha na mtu. Ni nyinyi wawili mliosogeleana, na wangapi wamekaa korido hiyohiyo wakatoka hawazikani. Serikali yenyewe imekiri kosa, wewe unaitetea. Umemaliza ugomvi na wifi, sasa umejitolea kuwa wakili wa serikali bila malipo. Binti yako amekulia chini ya paa linalovuja, dada yangu. Hayo ni mateso, na kuyataja si utovu wa shukrani. Mtu hushukuru kwa kilichopona na bado akasema aliumia.

Watakuja na wa kukuambia kataa, ngoja hukumu. Umelalamika kwamba umengojeshwa mno, halafu ukatae suluhu ili ungoje tena? Usinichekeshe.

Sasa tuambiane ukweli. Wewe huogopi kufuru. Unaogopa kesi ikiisha wifi hatapanda tena basi la alfajiri. Nakuelewa, na hapo sikucheki hata kidogo, maana wifi wa kuegemeana naye hapatikani kila nyumba. Ila umemsoma vibaya. Umeniandikia kwa mkono wako: alitazama dari, akautazama mwavuli, akaomba kalamu. Zuio hilo nani aliliomba? Ni yeye, enzi za ugomvi wenu. Kila tone linalodondokea kitambaa cha mteja wako, yeye anahesabu ni lake. Alichotaka kiishe ni hiyo mvua ya ndani, si wewe. Nawe ukakaa na kalamu ukimnunia mtu aliyekuwa anaona aibu.

Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nyinyi mmepatana zamani, na anayechelewesha mavuno sasa ni wewe.

Kesho asubuhi nenda kwa yule mwanasheria. Mwambie karatasi itaje tarehe ya kusajili maelewano yenu na ya kuliondoa zuio, na iseme wazi kwamba wasipotimiza mnaruhusiwa kurudisha malalamiko. Hilo likiandikwa, saini hapohapo, usirudi nyumbani kutafakari. Umetafakari vya kutosha. Zuio likiondoka, bati kwanza, mengine baadaye. Na huyo mwanasheria mshonee shati, maana kakufanyia jambo kubwa.

Tena acha kungoja mahakama ikuitie wifi. Mpigie mwenyewe, leo. Mwambie unasaini, na mafundi wakipanda juu watapaua na vyumba vyake vya uani. Halafu muulize mlango wake anataka uelekee wapi, getini au kwenye cherehani yako. Mimi nishajua atakachojibu, lakini msikie mwenyewe.