Sheria Zako za Kompyuta Hatujazizima

Mama Bhoke,

Unajua mimi kuandika siyo kazi yangu. Leo mashine ya kusaga mawe imekufa, tumerudishwa nyumbani. Nimekaa hapa dukani kwako.

Tangu uondoke rashi ya kukimbilia dhahabu imezidi. Matongo imejaa watu, wengine wametoka mpaka Kenya, wote wanaifuata hiyo. Kila mtu anataka picha, kopi, barua ya kazi. Flashi zao zimepita kila mahali, zimejaa virusi. Duka anaendesha binti yako Bhoke, amemaliza shule. Akikasirika ni wewe kabisa.

Sasa ndugu yako Mwita alituletea printa nzuri ya picha. Programu yake ikagoma. Kompyuta inaizuia kwa zile sheria ulizoiwekea. Mwita akasema, "Shemeji, zima hizo sheria za dada. Zinafukuza wateja." Password ya kuzima ulituachia mimi na Bhoke. Foleni imefika barabarani, watu wanatukana. Nilikaribia kuitoa.

Nikakumbuka siku ile tunamenya mihogo. Ulisema kila programu umeipa mipaka yake. Hii ifungue flashi tu, hii iguse picha tu. Nikauliza, na kama programu ni yako mwenyewe? Ukacheka. "Baba yako ameingia nyumba yangu lini? Ng'ombe za mahari alitoa yeye. Nikimkaribisha mimi, ataingia?" Haingii. Kwa mila yetu mkwe haingii kwa mke wa mtoto wake, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumpa. Ukasema kompyuta yako iko hivyo. Amri ni ya mfumo wenyewe, siyo ya programu, siyo ya anayeitumia.

Nikamwambia Mwita hapana. Akasema mbeba mawe kompyuta nimeijulia wapi. Nikamwambia sijui, ila hapana.

Bhoke akaangalia kompyuta imekataa nini. Ile programu inaomba printa, sawa. Inaomba picha, sawa. Inaomba na intaneti, na pale ulipoweka vyeti na vitambulisho vya watu. Programu ya picha, vyeti vya watu inavitakia nini? Bhoke akaiandikia sheria yake: printa na picha, basi. Picha zikatoka. Huko kwingine bado inaomba kila ikiwashwa. Inakataliwa.

Mwita sasa anatuita askari magereza. Chakula anakula hapa hapa.

Watu bado wanaingia wanauliza, "Mama yuko wapi?" Waliacha vyeti vyao hapa kwa sababu yako. Naangalia pembeni, Bhoke anawaambia tulishakuzika.

Haya, mke wangu. Pumzika. Akija mwingine na programu yake tutaangalia inataka nini, tutaipa cha kufanyia kazi yake tu. Foleni ikihamia duka lingine, ihame. Kuzima sizimi.

Mume wako,
Marwa