Siku Pande Mbili za Daraja Zilipokutana

Kambi ya Daraja,
Mwazye.
Agosti 2024

Dada yangu mpendwa Bertilla,

Shikamoo dada. Natumaini baridi ya Kaengesa haijakulaza, na mama na Gift wanakula vizuri. Mimi mdogo wako ni mzima, mikono tu imechubuka. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza kulimaliza jambo hili.

Daraja letu halina nguzo katikati ya korongo. Kila ng'ambo ina mnara wake, na nyaya nene za chuma hushuka kutoka mnarani kushika sakafu, kipande baada ya kipande, hadi pande mbili zikutane hewani. Ndiyo maana hatukuwajua mafundi wa upande wa pili. Tuliwaona wadogo kama kunguru.

Juzi tulikuwa tunainua kipande cha mwisho. Injinia Suma alituzuia asubuhi nzima kwa ajili ya upepo, ulipotulia akaruhusu. Kipande kikiwa kinaning'inia, upepo ukarudi ghafla, kikagonga ukingo wa wenzetu. Sakafu ikatikisika, nyaya zikavuma. Fundi mmoja wa ng'ambo akarushwa, mkanda wake wa usalama ukakatika, akang'ang'ania kile kipande nacho kikayumba kuja kwangu. Nikalala kifudifudi ukingoni mwa sakafu yetu, nikamdaka mikono. Injinia akapiga kelele kwamba nisimwachie, watu wanakuja. Chini ni mawe matupu.

Ndipo yule mtu akasema, "Isdori, usiniache."

Dada, kaa chini kwanza. Ni Valerian. Mumeo aliyepotea, tuliyemsomea misa ya marehemu. Ndevu zimemjaa, lakini ni yeye.

Na nikuungamie. Niliposikia sauti ile nilikukumbuka ukilima peke yako na mimba ya Gift, vidole vikalegea. Si kwa uchovu. Nilivilegeza. Aliliona hilo usoni mwangu, hakuomba tena. Sijui nini kilinirudisha. Nikakaza hadi wenzangu wakafika wakamvuta.

Anasema alifungwa Zambia, na alipotoka akaona aibu kurudi. Sijaamini wala sijakataa. Anataka kuja huko. Nimemwambia haondoki hapa bila neno lako. Ukisema aje, nitamleta mwenyewe. Ukisema asije, Gift hatajua kamwe, nami nitanyamaza.

Mama usimwambie bado, moyo wake unaujua. Mpe Gift salamu za mjomba wake. Mungu akukalie karibu unapoamua.

Ni mimi mdogo wako,
Isdori